Geji, skana, mita au kubahatisha: uanzie wapi kusaka tatizo la mafuta kwenye gari la petroli la zamani

Gari la petroli la miaka ya 1990 linapoanza kukosa nguvu, kula mafuta kupita kiasi au kuzima kila linaposimama, mwenye gari hapa kwetu Mtwara hukutana na mafundi wa aina nne. Wa kwanza atasema lipimwe kwa kompyuta. Wa pili atatoa mita ya umeme na kuanza kupima waya mmoja baada ya mwingine. Wa tatu, ambaye ni nadra kuliko wote, atafunga geji ya presha kwenye njia ya petroli. Wa nne hatapima chochote: atasema nozeli, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini, zimekufa zinunuliwe nyingine, na kama si nozeli basi itakuwa pampu. Mimi ni fundi, na kwa nyakati tofauti nimekuwa mafundi hao wote wanne, kwa hiyo ninayoyaandika juu ya njia hizi nimeyalipia mwenyewe au, jambo linaloniuma zaidi, yamelipiwa na wateja wangu.

Uchaguzi wa njia una uzito wa pekee huku kusini. Kipuri ambacho aliyeko Dar es Salaam hukifuata kwa bodaboda na kurudi nacho kabla ya adhuhuri, sisi tunakiagiza kwa simu, kinapakiwa kwenye basi, kinavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa na kutufikia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 500. Na kikishafungwa ikaonekana kwamba siyo kilichokuwa na kosa, muuzaji wa vipuri vya mtumba kwa kawaida hakipokei tena. Korosho zikianza kushuka kutoka Tandahimba na Newala mwezi wa Oktoba, gari lililolala gereji siku nne kwa sababu ya kukisia vibaya limeshampotezea mwenyewe sehemu ya msimu.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima jambo moja lieleweke, kwa sababu hukumu yangu yote imesimama juu yake. Katika magari haya, pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli kupitia chujio hadi kwenye bomba linalozigawia nozeli, na regyuleta iliyo mwishoni mwa bomba hilo huirudisha ziada tangini ili presha ibaki palepale. Kontroli boksi, ambayo ndiyo kompyuta ya injini, hupokea habari za hewa inayoingia, joto la maji, nafasi ya pedeli na hewa ya oksijeni kwenye ekzosi, kisha huamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani, muda ambao ni sehemu chache tu za elfu za sekunde moja. Haipimi petroli iliyopita. Inahesabu muda, na inaamini kwamba presha ni ile iliyowekwa na kiwanda. Presha ikishuka nusu, kontroli boksi itaendelea kufungua nozeli kwa muda uleule uliopangwa, ikisahihisha kidogo tu pale sensa ya oksijeni inapolalamika, na mwenye gari atabaki na injini yenye njaa ambayo kompyuta yake haina habari kamili ya njaa hiyo.

Kupima kwa kompyuta

Njia hii ndiyo inayoaminiwa zaidi na wenye magari, na ina sifa ambazo sitaki kuzipunguza. Toyota nyingi za miaka hiyo zilizoletwa kutoka Japani, yaani Corolla, Carina, Corona na wenzao, zina kisanduku kidogo chini ya boneti chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha tundu la TE1 na tundu la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo ulio sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22, ambayo ni mzunguko wa sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 41 ni sensa ya pedeli. Kipimo hiki hakigharimu chochote zaidi ya kipande cha waya na uangalifu wa kutokosea tundu, na ninashangaa kwamba wateja wengi wameshalipia skana kwa kazi ambayo taa yao wenyewe ingeifanya.

Skana yenyewe ni habari nyingine. Marekani iliyalazimisha magari kuwa na mfumo mmoja wa kusomeka kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halikubanwa na sheria hizo. Ndiyo maana unaweza kukuta chini ya usukani tundu lenye nafasi 16, umbo lilelile, ukachomeka kifaa cha bei nafuu kinachoongea na simu, nacho kikakaa kimya. Kifaa siyo kibovu na gari siyo bovu. Lugha ndizo zinazotofautiana. Muulize mwenye skana kama mashine yake inaongea na Toyota au Nissan ya Japani ya mwaka wako kabla hujalipa, siyo baada ya kulipa.

Pale inapokubali kuongea, skana hukupa kitu kimoja chenye thamani kuliko namba za hitilafu, nacho ni marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Ndani ya asilimia 10 kwenda juu au chini hakuna cha kutisha. Ikiwa juu sana wakati gari limesimama kwenye sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikarudi kawaida ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka. Ikiwa kawaida kwenye sailensi lakini ikapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, petroli haifiki ya kutosha. Fundi anayesoma namba za hitilafu peke yake na kuiacha habari hii amekupa robo ya kipimo ulicholipia.

Udhaifu wake ni ule niliokwisha kuutaja. Kompyuta huripoti kile ambacho sensa imeshindwa kukisema kabisa. Sensa inayosema uongo ulio karibu na ukweli, na presha isiyopimwa na sensa yoyote, hupita bila kuandikwa.

Geji ya presha

Mzee mmoja wa Newala aliniletea Corolla yake yenye injini ya 5A-FE. Baada ya salamu alinieleza hivi: "Mwanangu, mjini halina neno. Lakini nikitoka Masasi na magunia mawili nyuma, nikianza kupanda mlima wa kwenda Newala, linakata pumzi." Niliunganisha TE1 na E1, taa ikapepesa sawasawa bila hitilafu. Nikatoa plagi za moto, zikawa na weupe kuliko kawaida, dalili kwamba petroli ni chache kuliko hewa. Nikasema nozeli zimeziba. Tukaagiza seti ya mtumba, ikaja baada ya siku mbili, nikafunga, gari likaunguruma vizuri pale gereji, mzee akalipa na kuondoka. Wiki haikuisha akarudi. Hakugomba. Alisema tu, "Fundi, ni lilelile."

Nilikwenda kuazima geji ya presha. Kwa injini hizi za Toyota zenye regyuleta kwenye bomba la nozeli, presha hutakiwa kuwa kati ya psi (kipimo cha presha) 31 na 37 kwenye sailensi, na ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta ipande hadi kati ya 38 na 44. Corolla ya mzee ilionyesha 34, na nilipochomoa mpira ikapanda hadi 41. Kwa namba hizo ningeweza kumwambia kwamba mafuta hayana tatizo, na ningekuwa nimekosea mara ya pili. Injini ikiwa kwenye sailensi inakunywa petroli kidogo sana, na pampu iliyochoka bado inaweza kuitosheleza. Kwa hiyo niliipitisha hozi ndefu ya geji kwenye upenyo wa nyuma wa boneti, nikaibana geji chini ya waipa ya kioo cha mbele ili niisome nikiendesha (geji yenye petroli haiingizwi ndani ya gari hata kidogo), tukapakia mzigo, tukatafuta kilima. Katika gia ya tatu, pedeli ikiwa chini kabisa, sindano ilipaswa kupanda kuelekea 40 kwa sababu vakyumu hupungua. Badala yake ilianza kushuka polepole, 30, 27, 24, na ilipofika 22 gari likakata pumzi kama mzee alivyosema. Mzee alikuwa ameketi pembeni yangu akiitazama sindano ile kupitia kioo, na nadhani aliuelewa ugonjwa wa gari lake kabla sijaufungua mdomo wangu.

Tulipoinua kiti cha nyuma na kuitoa pampu, soksi ya chujio iliyo mguuni mwake ilikuwa imefunikwa na tope jembamba la rangi ya kahawia. Wanaosafiri vijijini wanajua tope hilo linatoka wapi: petroli ya kwenye madumu na chupa, na tabia ya kuendesha tangi likiwa karibu kukauka, ambayo pia huinyima pampu petroli inayoipooza. Pampu, soksi na chujio vilipobadilishwa, sindano ilibaki 40 kwenye kilima kilekile. Fedha ya nozeli nilimrudishia kwa awamu, kwa sababu zile za kwanza hazikuwa na kosa.

Geji hiyohiyo ina maswali mengine inayoyajibu ambayo hakuna skana itakayoyajibu kwenye gari la umri huu. Presha ikiwa chini kwenye sailensi, bana kwa sekunde moja au mbili mpira unaorudisha petroli tangini: ikiruka juu, regyuleta inavujisha, ikikaa palepale, pampu au chujio ndicho chenye lawama. Ukichomoa mpira wa vakyumu wa regyuleta ukakuta una petroli ndani, ngozi ya regyuleta imepasuka na injini inanyweshwa petroli kwa mlango wa nyuma. Na kwa gari linalowaka vizuri asubuhi lakini likisumbua kuwaka likiwa limepata moto, kama baada ya kusimama robo saa sokoni, zima injini uitazame sindano kwa dakika tano: isiposhikilia walau psi 21, kuna vali ya pampu, regyuleta au nozeli inayovuja.

Magari yaliyofuata, kama yenye injini ya 1NZ-FE, hayana mpira wa kurudisha petroli; regyuleta imehamia tangini na presha hutakiwa kukaa kati ya psi 44 na 50 bila kutegemea vakyumu. Fundi anayelinganisha injini hiyo na namba za 5A ataikuta ina presha kubwa mno na kuanza kutibu kitu kizima.

Gharama ya geji siyo ya kutisha, na ni ya mara moja. Ugumu wake ni hatari ya moto. Presha ishushwe kwanza kwa kuchomoa rilei au fyuzi ya pampu na kuiacha injini izime yenyewe, terminali hasi ya betri ifunguliwe, kizima moto kiwe mkononi mwa mtu mwingine, na bolti yenye tundu inayoshika njia ya petroli irudishwe na washa (ringi) mpya. Gereji zetu nyingi ziko wazi, na mara nyingi mama lishe yuko hatua chache na jiko lake la mkaa. Kwa siku hiyo, mmoja kati yenu ahame.

Mita ya umeme na sikio

Kama geji husema petroli imefika kwenye nozeli, mita husema kama nozeli na sensa ziko hai. Nozeli nyingi za injini hizi husoma takriban omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 13 hadi 14 zikiwa baridi. Inayosoma mara mbili ya wenzake, au isiyosoma kabisa, haihitaji kusafishwa, imekufa. Sikio nalo ni chombo: weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na mpini sikioni, injini ikiwaka, na utasikia kugonga kwa haraka kusikokatika. Nozeli moja ikiwa kimya, chomoa plagi yake ya umeme. Injini isipobadilika mlio, silinda hiyo ndiyo inayomisi, yaani isiyofanya kazi. Hata hapo usiikimbilie nozeli kabla hujabadilishana plagi ya moto na waya wake na vile vya silinda jirani, kwa maana nozeli husingiziwa makosa mengi ya plagi.

Hata hivyo, mahali mita inapoishinda kompyuta waziwazi ni kwa sensa inayodanganya. Sensa ya joto la maji inayoongea na kontroli boksi, ile yenye waya mbili, husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20 na hushuka hadi kati ya 0.2 na 0.4 injini inapofika nyuzi 80. Nimewahi kuikuta inasoma zaidi ya 1 injini ikiwa imepata moto kamili. Haikukatika, kwa hiyo namba 22 haikutokea. Lakini kontroli boksi iliamini kwamba injini bado ina baridi, ikaendelea kuongeza petroli safari nzima, plagi zikawa nyeusi kama masizi ya chungu na mwenye gari akawa anajaza tangi mara mbili kwa safari ya Lindi aliyozoea kuijaza mara moja. Mafundi wengi huichanganya na sensa jirani yenye waya mmoja, ambayo kazi yake ni kusogeza mshale wa dashibodi tu. Wakibadilisha hiyo, mshale unapona na mafuta yanaendelea kuliwa.

Kwa sisi tunaoishi kando ya bahari, Mikindani, Mtwara mjini, Lindi hadi Kilwa, mita ina kazi ya ziada. Hewa ya chumvi huingia kwenye viunganishi na kuacha ukungu wa kijani juu ya shaba. Nyaya za ardhi zinazofungwa kwenye injini ndizo huumia mwanzo. Kabla ya kuishuku kontroli boksi, ambayo ni kipuri ghali na mara chache ndiyo huwa na kosa, fungua nyaya hizo, zisugue, zifunge upya, kisha pima volti kati ya injini na terminali hasi ya betri wakati wa kupiga stata.

Kubahatisha

Kubadilisha kipuri bila kupima kuna nafasi moja tu ninayoikubali: kipuri ambacho muda wake ulikwisha bila kujali kama gari ni zima, kama chujio la petroli ambalo hakuna anayekumbuka lilibadilishwa lini. Zaidi ya hapo ni kamari inayochezwa kwa fedha ya mtu mwingine. Ikithibitika kwamba nozeli ndizo zenye kosa na omu zake ni nzima, zisafishwe kwanza kwenye mashine inayoonyesha pia mnyunyizo na kiasi kinachotoka kila moja. Za mtumba zije baadaye, nazo zipimwe kwenye mashine hiyohiyo, maana hujui zimelala stoo miaka mingapi. Dawa ya kumimina tangini huyeyusha uchafu mwepesi, haifufui koili ya nozeli iliyokatika.

Ukiniuliza sasa uanzie wapi, nitakujibu kwa mwaka wa gari na kwa dalili. Gari la kabla ya mwaka 2000 linalokosa nguvu kwenye mzigo au linalosumbua kuwaka likiwa na moto lianze na geji, hata kama mwenye skana yuko mlango wa pili. Linalokula mafuta na kutoa moshi mweusi lianze na mita kwenye sensa ya maji, kisha mpira wa regyuleta. Linalomisi silinda moja lianze na plagi, waya na bisibisi sikioni. Linalozima kwenye sailensi lianze na mipira ya vakyumu, ambayo kwa joto letu hukauka na kupasuka upande wa chini usioonekana. Gari la baadaye ambalo skana inalisoma vizuri lianze na skana, kwa ajili ya yale marekebisho ya mafuta, na geji ifuate kuthibitisha. Fundi akikutajia kipuri, muulize amepima nini na amepata namba gani. Anayefanya kazi yake vizuri atafurahi kukuonyesha.

Na siku gari likiwa zima, lipimwe tena. Andika presha ya sailensi, presha ya mpira ukiwa umechomolewa, presha ya kilimani, na omu za sensa ya maji injini ikiwa na moto, uiweke karatasi hiyo pamoja na kadi ya gari. Mzee wa Newala anayo yake, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, na safari hii alipokuja kwa tatizo la breki aliitoa aniangalizie kama zile namba bado ziko palepale.